Saa Zangu za Asubuhi Nilizihamishia Darasa la Pili

Ninaandika haya kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, hasa wale wanaopangiwa kwa mara ya kwanza katika vijiji vya mkoa wa Kigoma vilivyo kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako nimefundisha kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu. Chuoni tulifundishwa kutengeneza azimio la kazi, kuandika andalio la somo na kubuni zana za kufundishia, na mafunzo hayo yananifaa hadi leo. Hakuna aliyetuambia kwamba kazi za mwalimu zikijumlishwa zote huzidi saa za siku, na kwamba kila mwalimu, apende asipende, huamua ni kazi ipi itapata nguvu za asubuhi na ni ipi itaachiwa uchovu wa jioni. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulifanywa na ratiba, na barua kutoka juu, na mazoea ya shule. Nataka kueleza nilivyoanza kuufanya mwenyewe, ulichonigharimu, na mambo ambayo ningependa mwenzangu ayajue mapema.

Nilikuwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, ulileta upangaji rasmi wa shule kwa kufuata matokeo ya mitihani, na ingawa mpango wenyewe ulikwisha, desturi ya kuipima shule nzima kwa darasa la saba ilibaki. Kuanzia katikati ya mwaka hadi mtihani wa taifa mwezi wa Septemba, darasa hilo lilikuwa na mitihani ya majaribio ya kata na ya wilaya, masomo ya ziada kabla ya mistari na baada ya masomo, na kambi ya kujisomea shuleni ambako wazazi walichangia unga na maharage. Walimu tuliofundisha darasa hilo tuliheshimiwa. Afisa Elimu Kata alipokuja, alituita sisi kwanza, na wazazi walitusalimia kwa namna ya pekee sokoni. Juu ya kufundisha nilikuwa pia mwalimu wa takwimu, nikashika zamu kila ilipofika, nikasimamia bustani ya shule na kuandaa wanamichezo wa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kila mojawapo ya kazi hizo ilikuwa na daftari lake na mtu wa kuliulizia.

Kipindi fulani nilianza kuandika katika daftari dogo kila nilichofanya na muda kilionichukua, bila kupamba. Ninamshauri kila mwalimu afanye hivyo, na kwa walio kando ya ziwa ninashauri waandike kwa mwezi mzima wa mwandamo, kwa sababu wiki moja huku haifanani na nyingine, jambo nitakalolieleza baadaye. Daftari lilionyesha kitu ambacho sikukitarajia: kilichokula muda zaidi kilikuwa kusubiri. Nilisubiri fomu iletwe kutoka kwenye kata, nikasubiri kikao kilichopangwa saa tatu na kuanza saa sita, nikasubiri mtandao urudi ili takwimu zitumwe. Baada ya kusubiri kulifuata kusahihisha mitihani ya majaribio. Kukaa na mtoto mmoja na kumsikiliza akisoma hakukuwepo kabisa katika kurasa zile.

Wakati huohuo nilikuwa na darasa la saba la mwaka 2022, na watoto wengi wa darasa hilo walikuwa wameandikishwa darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka ambao elimu bila malipo ilianza kutekelezwa na vyumba vya darasa la kwanza nchini kote vikafurika. Watoto hao walikuwa hodari wa kukokotoa. Ukiwaandikia ubaoni robo tatu ya 48, wengi waliipata. Ukiliandika swali hilohilo kwa maneno, kwamba mvuvi amepata ndoo 48 za dagaa akauza robo tatu yake, nusu ya darasa iliacha karatasi tupu. Siku moja niliyasoma maswali kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kueleza chochote zaidi ya kilichoandikwa, na majibu yakaja. Nilikuwa nimetumia jioni na Jumamosi za miezi kadhaa kurudia sehemu na asilimia kwa watoto ambao shida yao ilikuwa kusoma sentensi ya Kiswahili hadi mwisho na kubaki na maana yake kichwani.

Jambo hilo liliniumiza, na halikuwa kosa la mwalimu mmoja wa kumnyooshea kidole. Aliyewafundisha darasa la kwanza mwaka ule alikuwa peke yake mbele ya umati ambao hakuna mbinu ya chuoni iliyoandaliwa kwa ajili yake. Kiwango kinachokubalika nchini ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na yeye alikuwa nao zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini lilinifanya niulize kwa nini shule yetu, kila mwaka, inaweka walimu wake wenye nguvu na muda mwingi zaidi mahali ambapo tatizo limeshakomaa.

Mwishoni mwa mwaka nilimwomba Mwalimu Mkuu anihamishie darasa la pili. Yeye ni mama mtu mzima, mwenye subira, na alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akauliza, "Mwalimu, na darasa la saba tumwachie nani?" Nilimjibu kwamba kijana aliyeripoti kwa ajira mpya ni hodari wa Hisabati kuliko mimi, na kwamba nitakaa naye mara moja kwa wiki kupitia maswali ya maneno. Alikubali kwa sharti kwamba matokeo yakishuka tutazungumza upya. Ninamshukuru hadi leo, kwa sababu yeye ndiye ambaye angeulizwa.

Gharama za uamuzi huo zilikuja haraka na ni vizuri mtu azijue. Masomo ya ziada ya darasa la saba yalikuwa na mchango mdogo wa wazazi uliosaidia nauli na mafuta ya pikipiki, na fedha hiyo ilikatika. Katika shule nyingi kuna imani kwamba madarasa ya chini ni ya walimu wanaokaribia kustaafu au waliotoka likizo ya uzazi, kwa hiyo wenzangu waliniuliza kwa sauti ya pole kama nimeshushwa, na mzazi mmoja alinifuata nyumbani jioni kuniuliza nimekosana na nani. Nilikosa usingizi siku za mwanzo. Heshima ni kitu ambacho mwalimu hukitegemea zaidi ya anavyokiri, na nilipoikosa kwenye vikao niliihisi kama kupunguziwa mshahara. Atakayeamua kufuata njia hii aanze kwa kumweleza mke au mume wake, na amweleze kwa tarakimu.

Kazi yenyewe niliianza kwa kumsikiliza kila mtoto akisoma. Sikutumia kitabu, maana watoto wengi hukariri ukurasa kwa kusikia wenzao, na anayekariri husoma vizuri kuliko anayesoma. Niliandika kwenye manila silabi, kisha maneno ya kawaida, kisha maneno yasiyo na maana yoyote kama "dafo" na "kemu", ambayo mtoto hawezi kuyabahatisha. Mazoezi haya ya maneno yasiyo na maana yanagundua katika dakika moja kile ambacho jaribio la muhula halikigundui. Baada ya hapo niliwakalisha kwa makundi: wasiojua sauti za herufi, wanaozijua lakini hawawezi kuziunganisha kuwa silabi, wanaosoma silabi lakini wanakwama kwenye neno refu, na wanaosoma. Sikuyapa makundi majina ya kuaibisha, na mtoto alihama kundi siku yoyote aliyostahili.

Lugha yetu imetupa msaada mkubwa katika hatua hii, na walimu hatuutumii ipasavyo. Irabu za Kiswahili ni tano na kila moja hutamkwa kwa namna moja popote inapokaa. Mtoto aliyeshika irabu hizo na sauti za konsonanti anaweza kusoma karibu neno lolote, hata asilolijua. Mahali pa kukwama panajulikana mapema: mb, nd, ng na ng', ny, kw, mbw, na ile tofauti ya l na r ambayo wengi wetu, walimu tukiwemo, tunaichanganya katika kutamka. Kwa sababu mahali hapo ni pachache, saa moja iliyowekwa hapo katika darasa la pili hufanya kazi ambayo saa nyingi za darasa la saba haziwezi kuifanya. Huo ndio uzito wa hoja yangu yote.

Kisha kuna hesabu ya muda, ambayo haikwepeki. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Ukiwa na watoto 100 na ukampa kila mmoja dakika moja tu ya kukusomea, umemaliza vipindi vitatu na bado wapo wanaosubiri. Kwa hiyo niliacha kujaribu kuwafikia wote kila siku. Kundi la chini kabisa nililisikiliza kila asubuhi, kila mtoto, kabla sijachoka; makundi ya kati mara mbili kwa wiki; na wanaosoma vizuri mara moja kwa wiki, huku siku nyingine wakisomeana wawili wawili. Wapo watakaosema huo ni upendeleo kwa wasiojua. Nimelifikiri jambo hilo na ninaamini mtoto anayesoma tayari anapoteza kidogo kwa kusubiri, ilhali asiyesoma akisubiri hadi darasa la nne anapoteza shule yote iliyobaki.

Kusahihisha nako nilikubadilisha. Kubeba mzigo wa madaftari nyumbani na kuyarudisha kesho yake na alama za vema na kosa kulinichosha kuliko kazi nyingine yoyote, na mtoto wa miaka saba hafaidiki na kosa aliloonyeshwa siku ya pili. Niliwapa kazi fupi, mistari mitatu badala ya kumi, nikapita kati ya madawati na kalamu mkononi, nikamwandikia mtoto herufi sahihi mbele ya macho yake naye akairudia hapo hapo. Yale ambayo sikuyafikia niliyaweka saini bila alama na kuyaanza siku iliyofuata. Mthibiti ubora alipouliza kuhusu madaftari hayo nilimweleza utaratibu na kumwonyesha orodha ya makundi, naye akaridhika. Mwalimu anayebadilisha utaratibu awe na maandishi ya kuuthibitisha.

Sasa kuhusu mwezi. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifanyi kazi na wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Asubuhi zinazofuata usiku wa giza, mwaloni, yaani ufukweni boti za uvuvi zinapotia nanga, kuna kazi nyingi: boti zinashushwa, dagaa wanaanikwa mchangani na kwenye chanja kabla jua halijapanda, na watoto wanahitajika, wa kiume kubeba ndoo, wa kike kuanika au kubaki na wadogo zao ili mama aanike. Nilichukua madaftari ya mahudhurio ya nyuma nikayalinganisha na kalenda ya mwezi, na mapengo yakajipanga yenyewe. Tulikuwa tumeita utoro kitu ambacho kina ratiba.

Tangu hapo nimepanga masomo ya kusoma kwa kufuata mwezi. Sauti mpya na silabi ngumu ninazifundisha siku za mbalamwezi, darasa likiwa limejaa. Siku za giza ninarudia, ninasikiliza mtoto mmoja mmoja, ninafanya kazi ya kundi la chini kwa utulivu ambao siku nyingine haupo. Katika azimio la kazi mada ni zilezile na idadi ya vipindi ni ileile. Nimebadilisha mpangilio tu. Nilikwenda pia mwaloni, mara kadhaa, nikazungumza na akina mama bila kutaja faini wala sheria, na tukakubaliana kwamba mtoto wa darasa la kwanza na la pili aachiwe aje hata akichelewa, kazi ifanywe na wakubwa zaidi. Wengi walitimiza. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mngesema zamani kwamba ni wadogo ndio mnaowataka, tulidhani ni hao wa mtihani." Kwa walimu walio Kasulu, Buhigwe au Kibondo, ambako hakuna mwalo, nadhani msimu wa kupanda mahindi na maharage mvua zinapoanza unaweza kuchunguzwa kwa njia hiyohiyo.

Jambo la lugha ya nyumbani nalo lisipuuzwe. Watoto wa ufukweni huja shuleni na Kiswahili cha mwaloni, kwa kuwa pale hukutana Waha, Wabembe na watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Wanaotoka vitongoji vya juu milimani hufika na Kiha peke yake, na katika chumba kimoja hawa wawili huonekana kama mwerevu na mjinga. Nilitumia wiki za mwanzo kuwapa hao wa milimani majina ya vitu kwa kuvishika na kuviimba, na nikamwomba mtoto wa darasa la tano anayejua lugha zote mbili anisaidie wakati wa mapumziko. Mtoto akisoma neno kwa usahihi bila kulijua maana, mwulize kwa lugha yake kwanza. Mara nyingi hapo ndipo utajua kwamba kusoma amekwisha kujua na kinachokosekana ni neno.

Zana zilinigharimu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo huingia shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, kwa chaki, matengenezo, mitihani na mengine yote. Manila na kalamu za wino mzito nilinunua mwenyewe kwa muda, kisha nikaanza kuomba maboksi matupu dukani na kuandika silabi kwa mkaa na chaki. Ni mazuri vilevile.

Karatasi na mifumo havikupungua kwa sababu tu nimehamia madarasa ya chini. Takwimu za shule lazima zijazwe, na tangu mfumo wa PEPMIS uchukue nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji wa watumishi, kila mmoja wetu ana kazi ya kuingiza taarifa zake kwa simu. Nilichojifunza ni kutozigusa kazi hizo kabla ya saa sita mchana. Nimezipa alasiri moja kwa wiki, na ninakwenda mahali penye mtandao nikiwa na kila kitu kimeandikwa tayari. Makundi ya WhatsApp ya kazi ninayafungua baada ya vipindi. Jambo la dharura kweli Mwalimu Mkuu hulileta mlangoni. Bustani na michezo niliwaachia wenzangu wanaoipenda, na nilifanya hivyo kwa kumwendea Mwalimu Mkuu na kupendekeza jina la anayekubali, kwani kukataa kazi bila kupendekeza mtu ni kumtupia mwenzako mzigo.

Kuhusu kujiendeleza nina la kusema kwa uangalifu. Katika ngazi za mshahara wa walimu, mwalimu wa cheti huanza TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D, na anayetafuta kusoma ili apande hana cha kulaumiwa. Familia zina mahitaji. Nami nilisoma nikiwa kazini. Angalia tu kwamba masomo yako hayaibi asubuhi za watoto, na chagua eneo utakalolitumia darasani mwako. Mafunzo yaliyonisaidia zaidi yamekuwa ya hapa hapa shuleni, katika jumuiya ya ujifunzaji chini ya utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, pale tulipoacha kusomeana miongozo na kuanza kuleta daftari la mtoto mmoja mezani na kujadili amekwama wapi. Kikao cha namna hiyo kikiongozwa vizuri hakihitaji posho wala safari. Yule kijana wa darasa la saba huleta maswali yake ya maneno hapo, na matokeo yake ya mwaka wa kwanza hayakuporomoka kama tulivyohofia.

Si watoto wote walisoma. Mwisho wa mwaka kundi la chini lilibaki na wachache, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake. Mmoja alikuwa haoni ubao vizuri, na nilichelewa kuligundua kwa kuwa alikuwa mtulivu. Siku hizi, kabla ya jambo lolote, ninawasimamisha watoto nyuma ya chumba na kuwaonyesha herufi kubwa, na anayeshindwa hukaa mbele na mzazi wake hushauriwa ampeleke zahanati. Wengine wawili walihama na familia zao kufuata uvuvi katika mwalo mwingine, kabla sijajua wamekwenda wapi.

Kwa hao waliobaki, sikutaka wapande darasa la tatu wakiwa majina tu. Niliandaa ukurasa mmoja kwa kila mtoto wa kundi la chini na la kati: sauti anazozijua, anapokwama, lugha ya nyumbani, siku anazokosekana na kwa nini. Nilikaa na mwalimu wa darasa la tatu wiki ya mwisho kabla ya likizo, tukawapitia mmoja mmoja, na tukapanga kwamba muhula wa kwanza awasikilize asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, nami nimshikie mistari. Mwalimu anayewapokea alitaka kurasa hizo ziandikwe kwa penseli, ili azifute kadiri mtoto anavyosonga mbele, na ndivyo tunavyofanya.